Nyani Aliyetoza Kodi ya Mashimo

Walio macho waniitikie!

— Tu macho!

Walio mbali wasogee!

— Tumesogea!

Nimebeba hadithi. Niitue, au nipite nayo?

— Itue!

Haya, naitua. Hapo kale, kale yenyewe, wakati wanyama walipokuwa wakibisha hodi na kujuliana hali kama sisi, paliishi ngiri mmoja jike jina lake Nyamvula. Mume wake aliitwa Mwero. Walikuwa na watoto wawili, binti aliyeitwa Kadzo, na mdogo wake wa kiume, Ndoro.

Ngiri, mnamjua? Yule mwenye pembe mdomoni, anayekimbia mkia umesimama wima. Akila hupiga magoti. Anapiga magoti, anachimbua mizizi na ndago, vile vijiazi vidogo vya majani, anakula. Lakini shimo la kulala hachimbi. Hajui. Anayejua ni Mhanga.

Mhanga ana masikio kama ya punda, pua ndefu, na kucha kama majembe. Chakula chake ni mchwa. Akichimba shimo leo, kesho analiacha, anaenda kuchimba jingine. Basi wanyama wote wasiojua kuchimba walikuwa wakiingia kwenye mashimo aliyoyaacha. Ukilikuta tupu, unaingia. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Ikawa hivyo, ikawa hivyo, mpaka mwaka ule jua lilipowaka likakataa kuzimika. Mto ukakauka. Visima vikakauka. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi chini ya kilima kimoja cha mawe. Nyamvula akamwambia mume wake, "Baba Kadzo, hapa watoto watatufia. Twende kwenye maji."

Wakaenda. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Walipofika wakakuta mashimo mazuri ubavuni mwa kilima, na mbele ya mashimo ameketi Nyani mkubwa, manyoya ya shingoni yamemsimama. Nyuma yake wamekaa wanawe, madume matupu.

Mwero akamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni Mzee Kombo. Mnatafuta nini?"

"Tunatafuta shimo la kulala. Tuna watoto."

"Mashimo yapo," Nyani akasema. "Lakini kilima hiki ni changu. Kila jioni mtakachokichimba mtakigawa mafungu manne. Matatu yenu, moja langu."

Nyamvula akamtazama. "Mzee Kombo, samahani nikikuuliza. Mashimo haya uliyachimba wewe?"

"Sikuyachimba."

"Unalala humo?"

"Nyani alale shimoni? Mimi nalala kule juu kwenye jabali, kwenye upepo. Lakini mlipokuja mlinikuta. Mtu akikukuta mahali, mahali ni pako. Mnaingia, hamuingii?"

Ndoro alikuwa amekwisha kulala amesimama. Jua lilikuwa linatua, na chui alikuwa akisikika ng'ambo. Wakaingia.

Jioni ya kwanza Nyani akaja mlangoni akaimba. Nanyi mniitikie hapa, msiniache peke yangu:

*Hodi, hodi, mwenye kilima nimefika!*

— Tugawane!

*Mlichochimba kitoeni nje!*

— Tugawane!

Wakatoa fungu moja. Matatu yakabaki, wakala, wakashiba kiasi. Nyamvula akasema, "Si haba. Watoto wana pa kulala, na maji yako karibu."

Basi jua likazidi kuwaka, na wanyama wakazidi kuja. Wakaja nguchiro, wakaja kenge, wakaja mbweha na watoto wao. Mashimo yakajaa. Waliokosa wakalala njiani, na chui akawapunguza.

Jioni moja Nyani akaja akaimba wimbo wake, kisha akasema, "Kuanzia leo mafungu ni mawili yenu, mawili yangu."

Mwero akaruka. "Mzee! Shimo ni lile lile. Halijaongezeka hata ukucha!"

"Shimo halijaongezeka, wanaolitaka wameongezeka. Waoneni wale kule njiani. Wangefurahi kuingia humu leo hii. Mashimo ni machache na wenye shida ni wengi, mwanangu, na si mimi niliyepanga hivyo. Hutaki, toka."

Wataenda wapi? Wakatoa.

Tangu siku hiyo, Nyamvula akirudi na mizizi huigawa kwa Mwero na watoto, yeye anakaa pembeni anajikuna. Kadzo akamuuliza, "Mama, mbona huli?"

"Nimekula huko huko nilikokuwa nachimba, mwanangu. Tumbo limejaa."

Kadzo alimtazama mama yake mbavu. Kesho yake naye akasema ameshiba.

Mwero akaona hali hiyo, akaamua kuchimba zaidi. Anatoka mapema, anarudi amechelewa, siku nzima yuko magotini juu ya ardhi iliyokauka kama tofali. Magoti yakachubuka. Yakatoka damu, yakavimba. Ipo dawa ya majani ambayo Kobe alikuwa akiwapa wagonjwa kwa mizizi michache. Nyamvula akasema, "Nenda kwa Kobe." Mwero akasema, "Nikimpa Kobe mizizi, Nyani nitampa nini?" Akayalamba magoti yake, akarudi kuchimba.

Nawauliza ninyi mnaonisikiliza, huyu alikuwa mvivu?

— Hakuwa mvivu!

Hakuwa. Sogeeni tuendelee.

Nyamvula akapata wazo. Njiani palikuwa na nungunungu jike, mjane, jina lake Mbeyu, mwenye watoto wachanga. Nyamvula akamwambia, "Dada Mbeyu, njoo tukae pamoja. Shimo moja, kodi moja, nusu utoe wewe, nusu nitoe mimi. Tutapumua."

Mbeyu akalia kwa furaha. Akahamia.

Sasa nungunungu na miiba yake, ngiri na miili yao, wote katika shimo moja! Huyu akigeuka, yule anachomwa. "Dada, mwiba wako uko sikioni mwangu!" "Samahani, dada, nilikuwa napiga chafya." Mtoto wa Mbeyu akakohoa, Kadzo akakohoa. Kadzo akakohoa, Ndoro akashika homa. Hewa nzito, hakuna pa kunyoosha mguu. Mwero na Nyamvula, ambao tangu waoane hawajawahi kupandishiana sauti, wakaanza kugombana kwa vitu visivyo na maana, nani kamkanyaga nani, nani kaziba mlango. Wakinyamaza wanaoneana haya.

Hata hivyo walivumilia. Wakasema afadhali.

Jioni Nyani akaja. Akaimba. Wakatoa mafungu mawili. Nyani akachungulia ndani, akaona miiba.

"Aa! Mmekuwa nyumba mbili humu. Nyumba mbili, kodi inapanda. Mafungu matatu yangu, moja lenu mgawane."

Mbeyu akapiga goti. "Mzee Kombo, watoto hawa hawana maziwa. Mimi mwenyewe sijala."

"Nakuonea huruma, mwanangu," Nyani akasema, na kweli uso wake ulikuwa na huruma. "Lakini nami nina wanangu." Akachukua mafungu matatu, akapanda jabalini.

Nyamvula akamwambia mume wake, "Baba Kadzo, tuondoke. Nasikia ng'ambo ya mbuga ya miiba kuna vijishimo vya kale, Nyani hafiki huko."

"Na maji?"

"Maji nitayafuata."

Wakaagana na Mbeyu wakilia, wakaenda. Kweli wakakuta kishimo. Kifupi, mlango wazi, jua linaingia mpaka ndani. Lakini hakuna aliyekuja kuimba jioni.

Chemchemi ikawa mbali. Nyamvula na Kadzo wanatoka kunapopambazuka, wanavuka mbuga, wanakunywa, wanachimba, wanachukua maji kwenye kibuyu, wanarudi jua linatua. Wakifika, nusu ya walichokula kimekwisha miguuni. Na Mwero hakuweza kwenda tena. Magoti yalikuwa yameoza. Anabaki amelala, na Ndoro anabaki kumpepea.

Siku moja homa ikampanda Mwero vibaya. Akawa anasema, "Maji. Maji." Ndoro akachungulia kibuyu cha nyumbani. Kikavu. Akamwambia baba yake, "Baba, nisubiri, nakuletea." Baba hakusikia. Mtoto akatoka, kibuyu shingoni, akaifuata njia aliyoiona mama yake akiifuata, mpaka ikampotea mbugani.

Nyamvula na Kadzo waliporudi jioni, wakamkuta Mwero peke yake.

"Ndoro yuko wapi?"

"Alikuwa hapa," Mwero akasema. Akajaribu kusimama, akaanguka. "Mama Kadzo, alikuwa hapa! Alikuwa hapa!"

Nyamvula hakungoja. Akatoka mbio, kibuyu chake cha maji bado shingoni, akiita, "Ndoro! Ndoro wangu!" Mbuga imenyamaza. Akakimbia huku, akakimbia kule. Akaona kibuyu kimeangushwa kwenye mchanga. Mbele ya kibuyu akaona chungu ya udongo mbichi, na shimo jipya, na kando ya shimo masikio marefu kama ya punda.

"Taratibu, mama," Mhanga akasema. "Yumo ndani. Anapumua."

Nyamvula akajitupa shimoni. Ndoro amelala kwenye udongo wa baridi, midomo imepasuka, macho nusu. Akampa maji tone kwa tone. Mtoto akameza. Akameza tena. Akasema, "Ni ya baba hayo."

Nyamvula akalia mpaka akakaukiwa. Kisha akatoka nje kumshukuru Mhanga.

"Usinishukuru," Mhanga akasema. Alikuwa na haya, hajazoea kutazamwa. "Nilipita nikamwona ameanguka, jua linamchoma. Sina maji mimi. Ninachojua ni kuchimba. Nikamchimbia kivuli."

Nyamvula akamtazama kucha zake, akautazama udongo ulivyorundikana. "Bwana Mhanga, mashimo ya kule kilimani ni nani aliyechimba?"

"Ni mimi. Mengine marehemu baba yangu."

"Unajua kuwa Nyani anatutoza kodi?"

"Kodi ya nini?"

"Ya mashimo yako."

Mhanga akacheka, akidhani ni mzaha. Akaona uso wa Nyamvula, akaacha kucheka. "Mimi nikila mchwa, shimo nalitupa. Mtu anatozaje kitu kilichotupwa?"

"Na kwa nini umeacha kuchimba kule? Mchwa wa kilimani wamekwisha?"

"Wako tele. Upande wa pili wa chemchemi wako vichuguu kwa vichuguu. Lakini Nyani alinifukuza. Alisema ninamchafulia kilima kwa vumbi. Wanawe wakanipiga mawe."

Sauti ya Nyani ikamrudia Nyamvula. *Mashimo ni machache na wenye shida ni wengi, na si mimi niliyepanga hivyo.* Akasema polepole, "Kumbe ni yeye aliyepanga."

Akambeba Ndoro mpaka nyumbani. Asubuhi akawaacha wanawe na Mwero, akaenda kilimani kwa Mbeyu, akamweleza. Mbeyu akatikisa miiba. "Dada, hata Mhanga akichimba mengine, Nyani atasema nayo ni yake. Atatoza yote."

"Aseme. Nikuulize, Mbeyu. Jioni akija kuimba, unaogopa meno yake?"

Mbeyu akafikiri. "Meno yake siyaogopi. Nina miiba. Naogopa nikitoka sina pa kuingia na watoto."

"Basi. Hicho ndicho kinachotulipisha. Niachie mimi."

Nyamvula akapanda jabalini kwa Nyani. Akapiga magoti.

"Mzee Kombo, nimeteseka huko nilikokwenda. Lakini nimekuja na shauri la faida. Mashimo yako ni machache. Ungekuwa nayo mengi, si ungepokea mafungu mengi?"

Macho ya Nyani yakang'aa. "Nani atachimba?"

"Nimempata fundi. Hataki malipo. Chakula chake mchwa tu, atawatafuta mwenyewe. Ila ana haya sana. Akitazamwa anakimbia. Wewe na wanao msishuke ng'ambo ya chemchemi mpaka amalize."

Nyani akapima kichwani. Mashimo mara mbili, mafungu mara mbili. Mashimo mara tatu, mafungu mara tatu! Vumbi? Aa, vumbi litatua tu. "Mlete," akasema.

Mhanga akaja. Akachimba, vumbi likapaa. Akachimba, vichuguu vikaanguka. Akachimba, na mchwa walivyokuwa wengi hakuchoka wala hakutaka kulala. Nyamvula alikuwa amemwomba jambo moja, kila shimo liwe na milango miwili au mitatu. Kule juu Nyani anaona vumbi anacheka, anawaambia wanawe, "Tutanenepa, wanangu!"

Mhanga alipomaliza, mashimo yalikuwa mengi kuliko familia zote zilizokuwepo. Waliolala njiani wakaingia. Nyamvula akamleta Mwero akimwegemeza, na Ndoro juu ya mgongo wa dada yake. Wakaingia, na bado mashimo mengine yalikaa matupu.

Jioni Nyani akashuka na wanawe, wamebeba vikapu. Akaanza kwa Mbeyu.

*Hodi, hodi, mwenye kilima nimefika!*

Safari hii hakuna aliyeitikia. Mbeyu akatoa pua nje. "Mzee Kombo, mafungu matatu sina. Ukitaka nitoke, natoka. Nahamia hilo la jirani."

"Hilo nalo ni langu!"

"Basi nitahamia lile."

"Lile pia!"

"Basi nitarudi hili."

Nyani akapiga kelele, "Mtoeni!" Mwanawe mmoja akaingiza mkono shimoni. Akautoa haraka zaidi kuliko alivyouingiza, umejaa miiba kama mto wa sindano. Wengine wakakaa milangoni wazuie. Wakizuia mlango huu, nguchiro anatokea ule. Wakikimbilia ule, kenge yuko chemchemini anakunywa maji. Watu wakaanza kucheka mashimoni.

Kesho yake Nyani akaja akasema, "Haya, mafungu mawili." Hakuna aliyetoa.

Siku iliyofuata akaja, "Fungu moja tu, kama zamani." Hakuna aliyetoa.

Siku ya tatu akaja bila kuimba. "Hata konzi ya ndago?" Mbweha akamwambia kutoka ndani, "Karibu ukae, mzee, lakini kodi hapana."

Nyani hakurudi tena.

Basi kilimani watu wakala walichokichimba. Kobe akapata kazi. Mwero akapakwa dawa, homa ikatoka, ingawa goti moja lilikataa kukunjuka, na mpaka mwisho wa maisha yake alichechemea. Ndoro akapona. Kikohozi kikaisha, maana kila nyumba ilikuwa na hewa yake. Mbeyu na Nyamvula wakaishi milango ikitazamana, karibu kiasi cha kuazimana kibuyu, mbali kiasi cha kutochomana.

Mvua ilipokaribia, Nyamvula alikuwa nje anachimba, akamwona Nyani amesimama kando. Amekonda. Manyoya ya shingoni yamelala.

"Nyamvula," akasema, "sikuja kudai."

"Karibu, mzee."

"Wanangu hawajui kuchimba. Walikua wakipokea tu. Wanakwaruza ardhi siku nzima wanapata majani makavu. Mdogo wao leo ameshindwa kuinuka."

Kadzo alikuwa karibu. Akasema kwa hasira, "Mama, usimpe! Ndoro alipokuwa anaugua, yeye alikuwa anakula mizizi yetu!"

Nyamvula alikuwa na hasira yeye pia, msidhani hakuwa nayo. Kisha akamwambia binti yake, "Ni kweli, alikula. Na yule mdogo aliyeshindwa kuinuka, yeye alitutoza nini?"

Kadzo akainamisha kichwa.

Nyamvula akamjazia Nyani konzi mbili za ndago ampelekee mtoto. Akamwambia, "Kesho asubuhi walete wanao wote. Nitawaonyesha mahali ndago zinapojificha. Waje na mikono mitupu, vikapu waviache nyumbani."

Nyani akaondoka akikimbia kuelekea jabalini, ameshika zile ndago kwa mikono miwili. Na asubuhi wakaja wote, hata yule mdogo, amebebwa. Wakapiga magoti mchangani karibu na Nyamvula, wakaanza kujifunza.

Wanangu, mmesikia? Hadithi hii inatufundisha kwamba anayefanya pa kulala pawe adimu ananyang'anya watoto chakula, dawa na amani ya wazazi wao, hata kama hakuwagusa kwa mkono. Na mkimwona jirani amekonda, msikimbilie kusema ni mvivu. Muulizeni kwanza analala wapi, na kulala hapo kunamgharimu nini.

Nilikuwa nimebeba, nimetua. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie hapa hapa nilipokaa.

— Tumeipokea!